Gari la tatu sasa, na bado ni rangi ya fedha: tatizo liko wapi?

Mama Neema, Tabata

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa mawazo katika jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini kwangu limejirudia kwa miaka mingi, na safari hii nataka nilielewe kabla sijatoa fedha yangu.

Gari langu la kwanza nililinunua mwaka 2009, Toyota Corolla, kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akihamia Dodoma. Lilikuwa la rangi ya fedha, ile tunayoiita silva. Sikulichukua kwa ajili ya rangi. Nilimjua mwenye gari, na injini yake ilikuwa haijawahi kufunguliwa. Mwaka 2014 nikaagiza Toyota Spacio kutoka Japani kupitia kwa wakala mmoja wa hapa mjini. Nilimwonyesha picha ya gari la bluu iliyokoza, tukaelewana. Wiki mbili baadaye akanipigia simu kwamba lile limechukuliwa na mtu mwingine, ila amepata jingine la mwaka uleule, limetembea kilomita chache kuliko lile na bei yake ni pungufu, na kwamba nijibu siku hiyohiyo kwa sababu mnada haungoji. Nikajibu ndiyo. Lilipotoka bandarini nikakuta ni silva. Mwaka 2019 nikaliuza hilo, nikazunguka yadi tatu kutafuta Toyota IST. Bluu nililikuta moja tu, na nilipopitisha kiganja kwenye mlango wake wa nyuma nikahisi pati imejaa, ile inayozibia mahali palipobonyea. Mazima yote yaliyobaki yalikuwa meupe au silva, na meupe yalizidi bajeti yangu.

Sababu ya kuliona jambo hili kuwa zito ni tukio la Novemba iliyopita. Mvua ilikuwa inanyesha wakati wa kutoka shule, magari yamepanga foleni getini, na nyuma yangu kulikuwa na IST nyingine ya silva. Binti yangu, ambaye yuko darasa la kwanza, alikimbia huku amejifunika begi kichwani, akafungua mlango wa gari lile, akaingia na kuketi. Mimi nilikuwa nakodolea macho geti ambalo halikuwa na mtoto wangu. Baba mwenye gari alikuwa muungwana, alishuka kwenye mvua akamshika mkono akaniletea, lakini dakika zile mbili sijazisahau hadi leo. Tangu siku hiyo nimefunga kipande cha kitenge chekundu kwenye mkono wa mlango wa nyuma ili mtoto alitambue gari lake.

Sasa nataka kuuza IST na kuagiza Toyota Premio ya toleo lililoanza mwaka 2007. Swali langu ni hili: je, kuangukia rangi ileile mara tatu ni bahati tu, au kuna jambo katika biashara hii linalotusukuma huko? Na mtu anayetaka bluu iliyokoza afanye nini ili aipate kweli, bila kuchukua gari bovu kwa sababu ya rangi?

Msafirishaji, Nagoya

Dada yangu, pole kwa tukio la mtoto. Nimeishi huku Japani miaka kumi na mbili nikinunua magari minadani kwa ajili ya wateja wa Tanzania na Zambia, kwa hiyo nitakueleza ninavyoliona kutoka upande wa huku, na niseme mapema kwamba bahati ina sehemu ndogo sana katika hilo lililokupata.

Anzia kwenye gari likiwa jipya. Mtu hawezi kununua mtumba wa rangi ambayo mnunuzi wa kwanza hakuichagua. Miaka ya mwanzoni mwa 2000, ndipo Spacio lako na IST yako zilipokuwa zikitoka kiwandani, rangi ya fedha ndiyo iliyopendwa kuliko nyingine zote hapa Japani na katika sehemu kubwa ya dunia. Nyeupe ilianza kuongoza duniani mnamo 2011. Kwa hiyo ukitafuta gari la kati ya mwaka 2002 na 2008 umeshaingia kwenye bwawa lililojaa silva kabla hujatupa ndoana. Ukitafuta la 2015, bwawa ni la nyeupe na nyeusi.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni bei, na wateja wengi hawaelezwi. Mjapani anaponunua mtumba kwa matumizi yake hutaka nyeupe ya lulu au nyeusi. Hata likiwa jipya, nyeupe ya lulu hulipiwa nyongeza. Kwa magari mengi ya Toyota ya miaka ya karibuni ni yeni 33,000, na watu hulipa kwa sababu wanajua watairudisha watakapouza. Matokeo yake ni kwamba kwenye mnada, magari mawili ya mwaka mmoja, gredi moja (alama ya hali ya gari inayotolewa mnadani) na kilomita zinazokaribiana, la silva huondoka kwa bei ya chini kuliko la lulu. Sisi tunaonunua kwa ajili ya kusafirisha tunapewa kikomo cha bei na mteja. Kikomo kikiwa cha chini, gari la lulu litatupita, la nyeusi litatupita, na litakalotuangukia mkononi ni silva. Hakuna aliyekuchagulia silva. Bajeti yako imekuchagulia.

Bluu iliyokoza ina tatizo tofauti. Bei yake si kubwa, ila yenyewe ni adimu. Magari ya huku hukaguliwa na serikali kwa mara ya kwanza yakifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na wenye magari wengi huamua kuuza ukaguzi unapokaribia ili wasiingie gharama zake. Ndiyo maana magari huja minadani kwa mawimbi. Mnada wa kampuni ya USS kule Noda, karibu na Tokyo, hufanyika kila Alhamisi, na ule wa Nagoya kila Ijumaa. Katika wiki moja naweza kuona Premio nyingi za lulu na silva, na ya bluu moja, pengine isiwepo kabisa. Anayesema "nataka ndani ya siku kumi" ameshajinyima bluu. Anayesema "nitangoja miezi miwili" ana nafasi nzuri.

Kuhusu simu uliyopigiwa mwaka 2014, sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua, lakini utaratibu wenyewe naufahamu. Kila gari linapopita mnadani lina sekunde chache tu za kupandishiwa bei. Wakala akikosa gari la kwanza, hana muda wa kukuuliza kuhusu la pili, kwa hiyo anatumia kile ulichokiandika kwenye oda. Kama uliandika mwaka, kilomita na kikomo cha bei, na rangi ukaitaja mwishoni kama pendekezo, basi rangi ndiyo ya kwanza kuachwa.

Ushauri wangu ni huu. Andika rangi kwenye mstari wa kwanza wa oda, na uandike wazi kwamba gari lisilo na rangi hiyo lisinunuliwe. Omba karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari, kabla ya kununuliwa, si baada. Katika karatasi hiyo kuna nafasi ya rangi na pembeni namba ya rangi ya kiwandani. Kwa Toyota, 1F7 ni silva, 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu na 202 ni nyeusi. Usiiamini picha peke yake. Nimeona silva iliyopigwa picha jioni ikaonekana bluu hafifu, na mteja akalia bandarini. Kama gari lilipigwa rangi nyingine, karatasi hueleza kuwa rangi imebadilishwa na hutaja ile ya asili. Tazama pia mchoro wa gari: herufi A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Bluu yenye W nyingi iache, hata kama umeingoja mwezi mzima.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni kwamba kikokotoo cha ushuru cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, cha magari yaliyotumika huuliza aina ya gari, modeli, mwaka, nchi linakotoka na ujazo wa injini. Rangi haimo. Ukiongeza kiasi kidogo mnadani ili upate rangi unayoitaka, hulipii ushuru wa rangi.

Mtembezi, Arusha

Kwa nini kuhangaika kote huko? Agiza gari zima la rangi yoyote, hata silva, kwa sababu ndilo rahisi, kisha lipeleke kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wakupulizie bluu. Ndugu yangu alifanya hivyo na gari lake lilikamilika kwa siku nne.

Fundi Rangi, Gerezani

Kaka wa Arusha, kwa heshima zote, siwezi kuuacha ushauri huo upite. Kazi ya kupuliza rangi ndiyo inayonilisha tangu 2003, na kwa maslahi yangu ningemwambia Mama Neema alete gari kesho. Lakini nikimwambia hivyo nitakuwa simtendei haki.

Gari lililobadilishwa rangi kwa siku nne limebadilishwa nje tu. Fungua boneti, utakuta silva. Fungua mlango, utazame bawaba na ukingo ule ambao mpira wa mlango unaulalia, utakuta silva. Inua zulia la buti, silva. Kibao cha kiwandani kitaendelea kusema 1F7. Siku ukitaka kuliuza, mnunuzi mwenye macho atajiuliza maswali mawili: gari hili liligongwa wapi, au liliibiwa wapi? Hata ukimweleza ukweli, bei imeshashuka. Kulibadilisha kikamilifu ni kazi nyingine kabisa: kung'oa milango, taa, bampa, mipira ya vioo na mara nyingine injini, kupiga msasa kila pembe, praima, msasa tena, rangi, kisha klia, yaani tabaka angavu la juu linaloilinda rangi. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na gharama yake haimfai mtu anayenunua gari la bei ya kawaida wakati rangi ya kiwandani ipo sokoni.

Kuna na sheria. Kadi ya gari imeandikwa rangi. Ukibadilisha rangi bila kadi kurekebishwa, askari wa usalama barabarani atakapolinganisha gari na kadi utakuwa na kazi ya kujieleza, na kampuni ya bima nayo inaweza kukusumbua siku ya ajali. Watu hupaka kwanza na kukumbuka kadi baadaye, jambo ambalo ni kwenda kinyumenyume.

Stika ya kufunika gari zima nayo isikuvutie kwa gari kuukuu. Gari la zaidi ya miaka kumi, klia yake juu ya paa imeshachoka kwa jua. Ukibandika stika, siku ya kuibandua itaondoka na klia.

Sasa niseme neno kuhusu silva yenyewe, kwa sababu inalaumiwa bila kueleweka. Silva ni rangi yenye chembe ndogo sana za alumini ndani yake. Kwa matumizi ya kila siku inasamehe mengi: vumbi la Tabata halionekani sana, mikwaruzo midogo haionekani sana. Lakini ikigongwa, ni mtihani kwa fundi. Nikipuliza karibu na rangi ikalowa sana, chembe huzama na rangi hukoza; nikipuliza mbali ikakauka haraka, hupauka. Namba ni ileile, kopo ni lilelile, na bado mlango utakuwa tofauti na fenda ukiutazama kwa pembeni. Ndiyo maana mara nyingi hatupaki mlango peke yake, bali tunaififisha rangi taratibu hadi kwenye vipande vya jirani. Fundi anayekuambia atapaka nusu ya mlango wa silva na haitajulikana, mwangalie vizuri.

Bluu iliyokoza, Mama Neema, ni kinyume chake. Ni nzuri sana siku ya kuosha, na kila duara la tambara chafu litabaki juu yake. Usiikubali ioshwe kwa tambara lililoanguka chini. Ioshe kwa maji mengi kwanza ili mchanga uondoke, uipake waksi, uiegeshe kivulini kila inapowezekana. Unapoikagua, simama nyuma ya gari jua likiwa upande wa pili, utazame paa na boneti kwa kuinama. Ukiona madoa meupe kama ngozi inayobanduka, klia imekufa, na hapo kuna gharama inakusubiri.

Baharia, Mombasa

Dadangu, mimi ni mnunuzi kama wewe, nami nimesumbuliwa na nyeupe kama wewe unavyosumbuliwa na silva. Huku Kenya sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo hatuna uhuru wa kurudi nyuma hadi kwenye magari ya 2008 kama ninyi. Bwawa letu ni dogo na ni jipya, na ndani yake nyeupe imejaa. Ndugu wa Nagoya amesema kweli kabisa: rangi inatangulia kuamuliwa na mwaka wa gari.

Naomba tu nikuongezee jambo moja la kufikiria kabla hujaamua bluu, nalo ni joto. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walitoa matokeo ya jaribio la magari mawili ya Honda Civic, moja jeusi na moja la silva, yaliyoegeshwa juani. Paa la jeusi lilipata joto hadi nyuzi 25 za Selsiasi zaidi ya lile la silva, na hewa ndani ya gari la silva ilikuwa na nafuu ya nyuzi 5 au 6. Bluu iliyokoza itakuwa karibu na nyeusi. Kwa sisi wa pwani, mtoto anayeingia kwenye gari lililoegeshwa saa saba mchana atazihisi nyuzi hizo. Sikukatazi. Ila kama haja yako kubwa ni mtoto kulitambua gari, zipo rangi nyingine zisizofanana na za jirani na zisizobeba joto kiasi hicho, kama bluu ya anga au kijani hafifu.

Mama Neema, Tabata

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimesoma majibu yote mara mbili, na jana usiku nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani: nilifungua simu yangu ya zamani nikatafuta ujumbe niliomwandikia wakala mwaka 2014. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisema kwamba alinibadilishia rangi. Ujumbe wangu ulianza na bajeti, ukafuata mwaka, kilomita, hali ya injini, na mstari wa mwisho ulisomeka hivi: "Rangi ikiwezekana bluu, ila si lazima sana." Nilimlaumu mtu aliyefuata maandishi yangu. Namba yake bado ninayo, na asubuhi hii nimempigia nikamwomba radhi.

Kaka wa Mombasa, hoja ya joto nimeitafakari kwa uzito. Kazini naegesha chini ya jengo na nyumbani kuna mwembe, na shuleni gari linasimama dakika kumi tu. Nitabaki na bluu, lakini nimeongeza kiyoyozi kinachofanya kazi vizuri kuwa sharti.

Fundi, shauri la kupaka rangi nimeliondoa kabisa, na nitakuletea gari ulitazame paa kabla sijachukua kadi kutoka kwa wakala wa forodha.

Ndugu wa Nagoya, oda mpya nimeiandika hivi: "Premio, bluu iliyokoza ya kiwandani, rangi nyingine isinunuliwe. Gredi 4 au zaidi. Pasiwe na XX popote, wala W kwenye paa na boneti. Nitangoja hadi miezi mitatu." Bajeti nimeiweka mstari wa mwisho, na nimeiongeza kwa kile nilichokuwa nimetenga kwa ajili ya redio mpya na vifuniko vya viti. Wakala amenitumia karatasi mbili za mnada wa Alhamisi hii kule Noda. Moja ni gredi 4 yenye A mbili kwenye bampa la nyuma, nyingine ni gredi 3.5 yenye W kwenye boneti, na hiyo ya pili ndiyo ya bei nafuu. Nimemjibu aipandishie bei ile ya kwanza peke yake, na ikitupita tungoje Alhamisi nyingine.